Mbwa Mlinzi Hujengwa Pole Pole

Nyumba nyingi za Dodoma siku hizi zina ukuta, na penye ukuta mara nyingi pana mbwa. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa nguvu mwaka 2016, na mji wetu ukapandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, makazi yamesogea hadi palipokuwa mashamba ya mtama na vichaka vya miiba. Watu wamejenga Iyumbu, Nzuguni, Mkonze na kwingineko, jirani akiwa mbali, na kila anayemaliza ukuta hutafuta mbwa. Akishampata humfungia bandani mchana kutwa, humfungulia usiku, humpa makombo ya ugali, kisha humtegemea alinde mali na watoto.

Sisi nasi tuna ukuta na tuna mbwa. Tunapenda kuzungumza nanyi, akina mama wenzetu, juu ya jambo lisilozungumzwa sana katika kurasa zetu: namna ya kumjengea mbwa misuli na nguvu kwa mazoezi bila kumwumiza. Huenda ukasema hiyo ni kazi ya baba au ya vijana. Lakini ni nani anayempikia? Ni nani anayebaki nyumbani baba anaposafiri? Na mbwa akidhoofika, akiugua, au akimgeukia mtoto, ni nani anayekuwa wa kwanza kuona? Basi jambo hili ni letu.

Aliyetufundisha ni mbwa aitwaye Simba.

Jina kubwa, miguu dhaifu

Simba aliletwa kwetu na rafiki wa familia aliyehamishwa kikazi. Alikuwa na umri wa miaka mitatu, na karibu muda wote huo aliishi katika banda dogo ambalo akijinyoosha, pua iligusa mlango na mkia ukagusa ukuta. Usiku alifunguliwa, lakini kwa kuwa hakuzoea kutembea, alilala palepale mlangoni. Kichwa chake kilikuwa cha kutisha na kifua kizuri, ila ukimtazama nyuma ulisikitika. Mapaja yalikuwa membamba, mifupa ya nyonga imechomoza, kucha ndefu hadi zimepinda. Akitaka kuinuka alitanguliza miguu ya mbele, akangoja kidogo, kisha akaivuta ya nyuma ikitetemeka.

Baba watoto alimtazama akatikisa kichwa. Mwezi uliotangulia wezi walikuwa wameruka ukuta wetu wakachukua kuku na nguo zilizoanikwa, na kazi yake humweka safarini hata wiki nzima. Alisema, "Mama watoto, huyu tutamlinda sisi. Mvua zikianza bado yuko hivi, nitatafuta mwingine."

Sote tulijua maana ya maneno hayo. Mbwa dhaifu hapati wa kumchukua. Hupelekwa porini akaachwa, na huko hana siku nyingi. Kijana wetu, aliyekuwa darasa la sita na aliyekwisha kumpenda mbwa huyo, hakugusa chakula cha jioni. Ilikuwa mwanzoni mwa Septemba. Mvua za Dodoma kwa kawaida huanza Desemba. Tulikuwa na miezi mitatu.

Daktari kwanza, mazoezi baadaye

Kabla ya yote tulimwita bwana mifugo. Alimpapasa Simba kutoka shingoni hadi mkiani, akakunja na kukunjua kila kiungo taratibu, akatazama ufizi na macho, akatafuta kupe masikioni na katikati ya vidole. Alitueleza kwamba kupe huambukiza mbwa homa zinazopunguza damu, na mbwa asiye na damu ya kutosha ukimkimbiza unaweza kumwua. Alimpa dawa ya minyoo na ya kupe, akamkata kucha, akamchoma chanjo ya kichaa cha mbwa. Kisha akasimama akasema, "Mama, huyu mbwa haumwi. Amelala miaka mitatu."

Tulimwuliza kama ingefaa aanze kukimbizwa mara moja. Alikataa kabisa. Alisema msuli hukua kwa mambo matatu: kazi inayozidi kidogo ile uliyoizoea, chakula cha kujenga mwili, na mapumziko. Wakati wa kazi msuli huchoka na kuumia kidogo kidogo. Ni wakati wa kupumzika ndipo mwili huutengeneza na kuuongeza. Tena misuli huwahi kupata nguvu, lakini kano na viungo huchelewa kwa wiki nyingi. Ndiyo sababu mbwa anaweza kuonekana amepona, ana hamu ya kuruka na kukimbia, kumbe kano zake hazijawa tayari. Wengi huumia wakati huo.

Hapa tunaomba tuseme neno juu ya chanjo, kwa kuwa sisi ni wazazi. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa duniani wameambukizwa na mbwa, na Shirika la Afya Duniani linasema kama asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Usimtoe mbwa wako nje kwa mazoezi kama hajachanjwa. Na mtoto akiumwa na mbwa yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Dalili za ugonjwa zikishaonekana, hauponi.

Jioni ile tulimpima Simba, maana jicho la mapenzi hudanganya. Tulikwenda kwenye mashine ya kusaga nafaka. Kijana alisimama peke yake kwenye mizani akawa kilo 36, akampakata mbwa wakawa kilo 52. Tukatoa, tukapata kilo 16. Kwa futi ya fundi cherehani tulizungusha paja la kulia, sentimita 26, na la kushoto, sentimita 25. Binti yetu aliandika yote nyuma ya daftari lake la zamani. Ukipima, pima mahali palepale kila mara na mbwa akiwa amesimama. Paja moja likizidi kupungua kuliko lenzake, ujue mguu ule una maumivu, mwite daktari.

Tulilojifunza kwa wachungaji

Wiki hiyo tulikwenda Bahi kumjulia hali bibi wa watoto. Wagogo ni wakulima na wafugaji, na nyuma ya ng'ombe wao mbwa hakosi. Mbwa wale si wakubwa, wala hawali sana, lakini mapaja yao yamekaza kama kamba iliyovutwa. Tulimkuta mzee mmoja akirudi na mifugo jioni. Tulimwamkia "Mbukwa," akaitikia, tukamwuliza anawafundishaje mbwa wake hata wakawa imara vile.

Mzee alicheka. "Wanangu, mimi simfundishi mbwa. Yeye anafuata ng'ombe. Ng'ombe akienda, anakwenda. Ng'ombe akisimama kula, naye anasimama. Jua likiwa kali sote tunalala chini ya mti."

Tulipotafakari njiani, tuliona kwamba yale aliyosema bwana mifugo yamo humohumo. Mbwa wa mchungaji hutembea mwendo mrefu wa taratibu. Hukanyaga udongo, mchanga wa korongo na vilima vidogo, kwa hiyo kila msuli hupata kazi yake. Husimama mara nyingi. Mchana hujificha kivulini. Wala hakuanza akiwa mtoto kutembea siku nzima; watoto wa mbwa tuliwaona nyumbani, wakicheza na kulala pamoja na ndama. Hakuna mchungaji anayemkimbiza mbwa wake hadi aanguke, kwa kuwa kesho anamhitaji tena.

Ratiba yetu

Wiki ya kwanza na ya pili tulimtembeza Simba dakika 10 asubuhi kabla jua halijapanda, na dakika 10 jioni jua likizama. Hatukumfunga kamba shingoni, maana mbwa anayevuta hujikaba. Fundi viatu alitushonea mkanda mpana wa kupita kifuani na nyuma ya mikono ya mbele kutokana na mkanda wa zamani wa gari. Tulitembea polepole sana. Mwendo wa polepole ndio humlazimisha mbwa kuweka uzito kwenye kila mguu. Akienda mbio, mbwa mwenye mguu dhaifu huurukisha na kuufanyisha kazi mguu mwingine.

Asubuhi tulizunguka nyuma ya nyumba, si barabara ya msikitini, kwa sababu majirani zetu wengi hutoka kuswali alfajiri, na mate ya mbwa yakiwagusa huwalazimu kuosha mahali palipoguswa kabla ya kuswali. Wapo pia wanaoogopa mbwa tu. Mbwa mwenye nguvu asiye na adabu ni hatari kwa mtaa mzima, kwa hiyo tangu siku ya kwanza alijifunza kutembea pembeni mwetu, kamba ikiwa mkononi daima.

Wiki ya tatu na ya nne tulifika dakika 20, kisha tukaongeza zoezi la kukaa na kusimama. Tulishika kipande cha dagaa juu ya pua yake, akakaa. Tukakisogeza mbele, akainuka taratibu. Mara 5 tu kwa siku, baadaye mara 10. Mama yeyote aliyewahi kuchutama na kuinuka mara kadhaa akiwa na mtoto mgongoni anajua mapaja yanavyowaka. Ndivyo ilivyo kwa mbwa. Akianza kukaa upande mmoja au kuinuka kwa kutupa mwili mbele, amechoka; hapo zoezi limekwisha, hata kama bado mara 3.

Kuanzia wiki ya tano tulipanga fito 6 chini uani, kila moja ikiwa mbali na mwenzake kiasi cha urefu wa mbwa mwenyewe kutoka ardhini hadi begani. Tuliziinua kidogo kwa vipande vya matofali, zisizidi kifundo cha mguu wake. Simba alizivuka akitembea, akiinua kila mguu kwa zamu. Siku za kwanza alizigonga zote, na watoto wakacheka. Baada ya wiki mbili alipita bila kugusa hata moja. Zoezi hili halihitaji fedha, nalo hufundisha miguu ya nyuma kujua inapokanyaga.

Baadaye tulimpeleka kwenye korongo kavu lenye mchanga, dakika 5 tu kati ya matembezi yote, kwa sababu mchanga huchosha maradufu. Kilima tulikipanda kwa kukata upande huu na upande ule, na kushuka tulishuka taratibu zaidi kuliko kupanda, maana kushuka kwa kasi huumiza mabega.

Katika yote hayo tulishika kanuni tatu. Ya kwanza, hatukuongeza mambo mawili wiki moja. Tukiongeza dakika, hatukuongeza kilima. Tukiongeza kilima, tulipunguza dakika. Ya pili, siku ya kazi nzito ilifuatwa na siku ya kutembea tu, na Jumapili Simba alipumzika kama sisi. Ya tatu, asubuhi kabla ya kutoka tulimtazama anavyoinuka. Akiwa mkakamavu kuliko jana, tulirudi nyuma hatua moja. Akichechemea, hatukutoka.

Jua la Oktoba

Katikati ya Oktoba Simba alikuwa na kilo 17 na nusu, na kijana wetu alikwisha kuanza kujigamba. Jumamosi moja, wakubwa tukiwa msibani mtaa wa pili, kijana mmoja wa jirani alipita nyumbani. Alikuwa na moyo mwema na alitaka kutusaidia. Aliwaambia wadogo walioachwa nyumbani kwamba mbwa hujengwa kwa mbio, akamfunga Simba nyuma ya baiskeli, akaondoka naye. Ilikuwa saa 7 mchana.

Tuliporudi tulimkuta akimburuta getini. Ulimi ulikuwa nje, mpana, mwekundu wa kuiva. Mate yalikuwa mazito kama mlenda. Alipepesuka, akatapika, akaanguka.

Yafaa kila mwenye mbwa Dodoma ajue jambo hili. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hutoa kidogo sana kwenye nyayo, na sehemu kubwa ya joto huitoa kwa kuhema. Hewa ikiwa ya moto na ardhi ikiwa ya moto, kuhema hakutoshi. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41, ubongo, ini na figo huanza kuharibika. Oktoba na Novemba ndiyo miezi yetu ya joto kali, kabla ya mvua.

Tulimvuta kivulini. Tulimmwagia maji ya kawaida ya ndoo mwili mzima, hasa tumboni, mapajani na kwenye nyayo, huku binti akimpepea kwa ungo. Hatukumfunika kwa khanga mbichi, maana nguo iliyolala juu ya mwili huzuia joto kutoka. Hatukumlazimisha kunywa, tulimwekea maji karibu na mdomo, akalamba kidogo kidogo alipopata fahamu. Alipotulia ndipo tulipompeleka kwa daktari, akatundikiwa maji. Hata mbwa akionekana amepona, lazima aonwe na daktari, kwa sababu figo huweza kuanguka siku ya pili au ya tatu.

Alipona. Lakini alipoteza kilo moja, na tuliagizwa tumpumzishe siku 10, kisha tuanze tena na dakika 10. Kijana wetu alihesabu siku kwenye kalenda ukutani, akahesabu tena, akanyamaza. Tulimwambia kwamba hatutaharakisha hata siku moja kwa ajili ya kuwahi mvua. Kama mbwa angekuwa hajawa tayari, tungezungumza na baba. Maneno hayo yalikuwa magumu kwa mtoto wa miaka 12, na kwetu pia.

Tangu hapo tulikuwa na desturi ya kuweka kiganja upande wa nyuma ardhini na kuhesabu hadi 7. Mkono ukishindwa, nyayo za mbwa nazo zitaungua, wala hatoki. Na tukirudi tulikagua nyayo, maana mbigili za Dodoma hazina huruma.

Chungu cha mbwa

Mazoezi bila chakula hula misuli iliyopo. Ugali mtupu hushibisha lakini haujengi. Chungu cha Simba kilikuwa ugali laini wa mtama au mahindi, dagaa wazima waliosagwa, mchicha kidogo, na mara tatu kwa wiki utumbo au mapafu kutoka buchani. Nyama hizo tulizichemsha hadi zikaiva kabisa. Nyama mbichi za machinjioni huweza kuwa na vifuko vya maji vyenye minyoo ya tegu. Mbwa akivila hupata minyoo hiyo, na mayai yake huweza kuwaingia watoto wanaocheza naye.

Usimpe mbwa mahindi yenye ukungu kwa kudhani kwamba yeye ni mnyama tu. Mwaka 2016 watu katika mikoa yetu ya Dodoma na Manyara walipoteza maisha kwa sababu ya sumukuvu katika mahindi, na ini la mbwa huumizwa upesi na sumu hiyohiyo. Usimpe vitunguu wala vitunguu saumu, kwani huharibu damu yake. Usimpe mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku. Hupasuka vipande vyenye ncha vikamchoma tumbo. Mlishe mara mbili kwa siku, naye apumzike saa moja kabla ya kula baada ya mazoezi, na saa mbili au zaidi baada ya kula kabla ya kutoka. Mbwa akikimbia tumbo likiwa limejaa, tumbo laweza kujipinda, nalo humwua kwa muda mfupi. Maji safi yawepo daima.

Mambo tuliyokataa

Mtaani hakukosi washauri. Walituambia tumfunge mnyororo mzito shingoni ili shingo iwe nene, tumning'inize kwenye tairi kwa meno, tumpe pilipili au bangi awe mkali, tumpige akiwa amefungwa ili awachukie watu. Hayo yote tuliyakataa. Mnyororo mzito huumiza uti wa mgongo, tairi huvunja meno na kukaza shingo, na mbwa anayepigwa hajui kuchagua wa kumwuma. Siku moja atakayefika karibu naye ni mtoto anayefuata mpira.

Na kama mbwa wako hajatimiza mwaka, usimpe kilima, mchanga wala kuruka. Ncha za mifupa yake bado ni laini, na kwa mbwa wa aina kubwa huweza kuchukua hadi mwaka na nusu kukomaa. Mwache acheze na kulala apendavyo. Mbwa jike mwenye mimba au anayenyonyesha atembee tu, kadiri atakavyo mwenyewe. Mbwa mzee atembee mara nyingi, mwendo mfupi.

Usiku wa mvua ya kwanza

Mwanzoni mwa Desemba tulirudi mashineni. Simba alikuwa na kilo 19. Paja la kulia lilikuwa sentimita 30, la kushoto 29 na nusu. Akitaka kuinuka, aliinuka miguu yote kwa pamoja. Lakini vipimo vyetu vilikuwa daftarini, na baba watoto alikuwa safarini, hajaona lolote tangu mwezi uliopita.

Alirudi usiku mmoja saa 5, mvua ya kwanza ikinyesha, simu yake ikiwa imezimika. Kabla hajashuka garini Simba alikuwa amekwisha kuvuka uwanja wote na kusimama getini, kifua mbele, miguu ya nyuma imekita ardhini, akibweka kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia. Baba aliita. Simba alizidi. Tuliwasha taa, tukatafuta ufunguo, kijana akatoka mbio akamwita mbwa kwa jina, ndipo akanyamaza akakaa, macho bado yako getini.

Baba aliingia amelowa hadi kwenye soksi. Alimtazama mbwa kwa muda mrefu, akasema, "Mwambieni basi kwamba mimi ndiye mwenye nyumba." Habari ya kutafuta mwingine haikutajwa tena. Asubuhi tulimkuta akipanga fito uani, ingawa alizipanga karibu mno, ikabidi kijana azitenganishe.

Akina mama wenzetu, katika miezi ile mitatu jambo gumu kuliko yote halikuwa kumtoa mbwa nje. Lilikuwa kujua wakati wa kumrudisha. Simba hakuwahi kugoma. Siku ile ya baiskeli alikimbia hadi akaanguka, kwa sababu aliambiwa kukimbia. Ndivyo alivyo kila anayetutii na asiye na sauti mbele yetu. Mtoto anayetaka kumfurahisha baba kwa alama za mtihani yumo, na msichana wa kazi anayeitikia "abee mama" saa 4 usiku yumo. Hatakwambia amechoka. Mwenye amri ndiye hana budi kumtazama, kuhesabu, na kusema sasa basi.

Kama una mbwa bandani, kesho saa 12 asubuhi mfungue. Mtazame kwanza anavyoinuka. Kama hajachanjwa, mwite bwana mifugo kabla ya lolote jingine. Kama amechanjwa na hachechemei, shika kamba, mtembee dakika 10, mrudi nyumbani. Kesho kutwa zifuate nyingine 10. Binti yetu angekushauri pia utafute daftari.